Laptopu ya Duka Isiache Milango Wazi: Fayawoli ya Linux kwa Dakika Kumi

Simu inaita saa mbili usiku. Anayepiga anakuita kwa jina lako. Anakwambia jana ulilipa shilingi 3,450 kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na anakutajia hadi saa uliyolipa. Kisha anasema pesa zilikatwa mara mbili kwa makosa, anataka kukurudishia, kwa hivyo umsomee PIN yako "athibitishe".

Wengi wetu tumeshazoea kumkatia simu mtu anayebahatisha. Lakini huyu habahatishi. Anajua. Hapo ndipo hata mtu mwangalifu hunaswa, kwa sababu anajiuliza: kama si wa kampuni, angejuaje nimelipa ngapi?

Njia za kujua ziko nyingi. Leo tunaongea kuhusu moja ambayo wenye maduka hawaifikirii sana: laptopu ya duka iliyoachwa milango wazi kwenye Wi-Fi. Somo hili ni lako wewe mwenye Till unayeweka rekodi zako kwenye laptopu ya Ubuntu ama Linux Mint. Labda ulinunua mashine ya mtumba na fundi akakuwekea Linux kwa sababu ni ya bure na haichoshi kompyuta nzee. Kama hujawahi kuandika amri hata moja, usijali. Tutaenda polepole, hatua kwa hatua.

Shida iko wapi hasa?

Chukulia una duka. Kila jioni unapakua taarifa ya Till yako: majina ya waliolipa, nambari za simu, kiasi na saa. Unaiweka kwenye folda uliyoipa jina "Mauzo". Kijana wa kaunta ana kompyuta yake, basi fundi aliwaunganishia folda hiyo kupitia Wi-Fi ya duka ili nyote muione. Hakuweka nenosiri, ili isiwasumbue.

Mpaka hapo, mambo sawa. Shida ni kwamba laptopu haijui kama iko dukani ama iko kwingine. Jumamosi ukiibeba hadi mkahawa wenye Wi-Fi ya bure, ile folda bado inangoja wageni. Mtu wa meza ya pili akifungua sehemu ya mitandao kwenye kompyuta yake, anaweza kuiona na kuinakili yote kabla chai yako ipoe. Hajavunja chochote. Hajakisia nenosiri lolote. Ni kama umeacha daftari la madeni kwenye benchi pale steji ukaenda kununua mahindi.

Kuna Wi-Fi zingine ambazo huwatenganisha wateja wasionane. Lakini wewe uliyeketi pale huwezi kujua kwa kuangalia tu, kwa hivyo usitegemee hilo.

Na ukumbuke kwamba rekodi hizo si zako peke yako. Jina na nambari ya simu ya mteja ni data yake binafsi, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeiweka ailinde. Zaidi ya sheria, kuna uaminifu. Mteja akipigiwa simu kama ile ya saa mbili usiku, duka lako ndilo litatajwa.

Fayawoli ni soja wa geti

Kompyuta yoyote iliyo kwenye mtandao ina milango yenye nambari, kuanzia 1 hadi 65,535. Mafundi huiita poti. Programu inayongoja wageni hukaa kwenye mlango wake. Folda inayotumiwa na watu wengi kwa kawaida hukaa mlango 445. Programu ya SSH, ambayo fundi huitumia kuingia kwenye kompyuta yako akiwa mbali, hukaa mlango 22. Huduma ya printa hukaa 631.

Fayawoli ni soja anayesimama mbele ya milango hiyo yote. Mtu wa nje akibisha, soja anaangalia orodha. Kama hayumo, haingii, hata kama programu ya ndani iko tayari kumkaribisha.

Watu wengi huuliza: nikifunga milango yote, si hata WhatsApp na benki zitakataa? La. Soja anakumbuka aliyetoka. Wewe ukifungua tovuti, ni wewe uliyetoka kwenda kuuliza, kwa hivyo jibu likirudi analiruhusu. Ni kama boda boda anayeleta mzigo ulioagiza mwenyewe: soja alikusikia ukiagiza, basi anampisha. Anayezuiwa ni yule ambaye hakuna aliyemwita.

Mlango 445 una historia yake. Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilisambaa ulimwenguni kwa kupitia mlango huo kwenye kompyuta za Windows, ikifunga faili za watu na kudai malipo. Hospitali nyingi za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu Machi mwaka huo, lakini mashine nyingi hazikuwa zimesasishwa. Na usiseme "mimi niko Linux, hiyo hainihusu". Mei hiyo hiyo, programu ya Samba, ambayo ndiyo hutumika kwenye Linux kushiriki folda, nayo ilipatikana na ufa mkubwa na ikabidi irekebishwe.

Habari njema ni kwamba soja tayari yuko ndani ya laptopu yako. Ubuntu imekuwa ikija na programu iitwayo UFW tangu 2008, na Linux Mint inayo pia. Lakini huja ikiwa imelala. Kazi yetu leo ni kuiamsha.

(Kama laptopu yako ni ya Fedora, wewe una soja wa aina nyingine na kwa kawaida yuko macho tayari. Amri za hapa chini si zako.)

Hatua ya 1: Hesabu milango iliyo wazi

Fungua programu ya Terminal. Kwenye Ubuntu, bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Andika amri hii kisha ubonyeze Enter:

`ss -tuln`

Utaona orodha. Angalia safu ya anwani ya laptopu yako, iliyoandikwa Local Address:Port. Kila mstari ni mlango wenye programu nyuma yake. Cha kuangalia ni kilicho kabla ya nambari ya mlango:

- Ikianza na `127.0.0.1`, mlango huo unaongea na laptopu yenyewe tu. Hauna wasiwasi. Mara nyingi utaona `127.0.0.1:631`, ambayo ni ya printa.
- Ikianza na `0.0.0.0` ama `[::]`, mlango huo unamsikiliza yeyote anayeweza kukufikia kwenye mtandao. Hii ndiyo ya kuandika kwenye karatasi.

Ukiona `0.0.0.0:445`, basi folda yako iko kwenye hali tuliyoeleza hapo juu. Kama kuna nambari huielewi, andika hivi ili uone ni programu gani inaitumia:

`sudo ss -tulnp`

Neno `sudo` linamaanisha unatoa amri kama mwenye nyumba, kwa hivyo utaulizwa nenosiri la laptopu. Ukiliandika huenda usione herufi wala nyota yoyote ikitokea. Hilo likitokea, si kwamba kibodi imeharibika. Andika tu, bonyeza Enter.

Hatua ya 2: Angalia kama soja amelala

`sudo ufw status`

Ukijibiwa `Status: inactive`, amelala. Ukiambiwa amri haijulikani, iweke kwanza:

`sudo apt install ufw`

Hatua ya 3: Mpe kanuni mbili

`sudo ufw default deny incoming`

`sudo ufw default allow outgoing`

Ya kwanza inasema: anayekuja kutoka nje bila kuitwa, asiingie. Ya pili inasema: sisi wa ndani tukitaka kutoka, tutoke. Kwa laptopu ya mtu wa kawaida, kanuni hizi mbili zinamaliza karibu kazi yote.

Hatua ya 4: Fundi wako huingia kutoka mbali?

Kama hakuna mtu anayeingia kwenye laptopu yako kwa SSH, ruka hatua hii. Kama yuko, andika hii kabla hujamwamsha soja, usije ukamfungia fundi nje katikati ya kazi:

`sudo ufw limit 22/tcp`

Neno `limit` linaruhusu mlango huo lakini kwa kiasi. Anwani ikijaribu kuunganishwa mara 6 ama zaidi ndani ya sekunde 30, inazuiwa. Inamchelewesha sana mtu anayejaribu nenosiri moja baada ya jingine.

Hatua ya 5: Mwamshe

`sudo ufw enable`

Jibu zuri ni hili: `Firewall is active and enabled on system startup`. Maana yake, soja yuko macho sasa hivi, na ukizima laptopu ukiwasha kesho atakuwa macho pia. Huhitaji kurudia kila siku.

Hakikisha:

`sudo ufw status verbose`

Unataka kuona `Status: active`, na mstari wa Default ukisema `deny` kwa wanaoingia na `allow` kwa wanaotoka.

Kama hupendi kuandika amri, kuna programu ya kubonyeza iitwayo Gufw. Linux Mint huja nayo. Kwenye Ubuntu unaiweka kwa `sudo apt install gufw`. Utaona swichi moja kubwa ya kuwasha na kuzima. Soja ni yule yule, tofauti ni jinsi ya kumpa maagizo.

Hatua ya 6: Jaribu kutoka nje

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanarudia `ss -tuln`, wanaona 445 bado iko kwenye orodha, wanadhani fayawoli haifanyi kazi. Kumbe amri hiyo inaonyesha programu zinazongoja ndani ya nyumba. Haimwoni soja aliye nje. Vile vile, ukijaribu kufungua folda ukiwa kwenye laptopu hiyo hiyo, itafunguka, kwa sababu soja hamzuii mwenye nyumba kutembea sebuleni.

Jaribio la kweli ni kutoka kwenye kifaa kingine. Chukua kompyuta ya kaunta, iwe kwenye Wi-Fi moja na laptopu, ujaribu kufungua folda ya "Mauzo". Ikikataa, umefaulu. Na sasa kijana wa kaunta naye amefungiwa. Twende tumfungulie yeye peke yake.

Hatua ya 7: Mlango mmoja, mtu mmoja

Kwanza jiulize kama bado unaihitaji folda hiyo ya pamoja. Kama siku hizi kila mmoja anatumia simu yake kuangalia malipo, izime kabisa:

`sudo systemctl disable --now smbd`

Mlango usio na programu nyuma yake ni salama kuliko ule unaolindwa. Lakini kama unaihitaji, tafuta anwani ya kompyuta ya kaunta. Ikiwa ni ya Linux, andika `hostname -I` kwenye kompyuta hiyo. Ikiwa ni ya Windows, andika `ipconfig`. Tuseme umepata 192.168.1.20. Rudi kwenye laptopu yako:

`sudo ufw allow from 192.168.1.20 to any port 445 proto tcp`

Sasa kompyuta hiyo moja ndiyo inayoruhusiwa. Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza, ruta inaweza kubadilisha anwani za vifaa. Kaunta ikigoma siku moja bila sababu, angalia kama anwani bado ni ile. Fundi anaweza kuipangia ruta iipe kompyuta hiyo anwani moja daima.

La pili ni zito zaidi. Anwani kama 192.168.1.20 si ya duka lako peke yako duniani. Ruta nyingi hugawa anwani za familia hiyo hiyo. Ukienda mkahawani, mtu mwingine anaweza kupewa .20 pale, na soja wako atampisha akidhani ni kijana wa kaunta. Kwa hivyo weka nenosiri kwenye folda yenyewe. Mwambie fundi aondoe ruhusa ya wageni, kila anayeifungua aandike jina na nenosiri. Fayawoli na nenosiri vinasaidiana, kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Ukitaka kuondoa kanuni, kwanza ipatie nambari:

`sudo ufw status numbered`

Kisha ufute kwa nambari yake, kwa mfano:

`sudo ufw delete 1`

Ukifuta moja, nambari za zingine hubadilika, kwa hivyo angalia orodha upya kabla ya kufuta ya pili.

Kitu kikikataa

Usikimbilie kuzima fayawoli na kusahau. Uliza soja amezuia nani:

`sudo journalctl -k | grep UFW`

Mistari yenye `UFW BLOCK` inaonyesha waliozuiwa. `SRC` ni anwani ya aliyebisha, na `DPT` ni nambari ya mlango alioutaka. Ukiona ni anwani ya printa yako mwenyewe, ujue ni nani wa kumruhusu. Ukiona anwani usizozijua zikibisha ukiwa kwenye Wi-Fi ya umma, usishtuke. Si lazima ziwe za wezi, vifaa vingi huulizana habari vyenyewe. La muhimu ni kwamba hawakuingia.

Ikibidi kabisa, `sudo ufw disable` inamlaza soja. Jaribu ulichotaka kujaribu, kisha uandike `sudo ufw enable` kabla hujainuka kwenye kiti. Kanuni zako zitakuwa bado ziko.

Neno moja kwa vijana wanaojifunza kutengeneza programu: mkitumia Docker, milango inayofunguliwa na Docker hupita pembeni ya UFW. Soja hawaoni. Ifungeni kwa `127.0.0.1` mnapoianzisha.

Ambacho soja hawezi

Tungekuwa tunakudanganya tukisema sasa uko salama kwa kila kitu. Fayawoli inamzuia asiyeitwa. Haimzuii uliyemfungulia mwenyewe. Kwa hivyo:

- Ukibonyeza kiungo cha tovuti bandia ukaandika nenosiri lako, wewe ndiye uliyetoka nje kulipeleka. Soja atakupisha.
- Ukiweka programu ya kuokota popote mtandaoni, mwizi ameshaingia ndani ya nyumba.
- Laptopu ikiibiwa, fayawoli haifichi faili. Hiyo ni kazi ya kusimba diski nzima, ambayo Ubuntu hukuuliza unapoiweka mara ya kwanza.
- Mtu akikupigia ukamtajia PIN, hakuna kanuni ya Linux itakayokusaidia.

Na usisahau masasisho. Ufa uliotangazwa na kurekebishwa hautakufaa kitu kama laptopu yako bado ina toleo la zamani. Mara moja kwa wiki, andika:

`sudo apt update && sudo apt upgrade`

Zoezi la leo jioni

Kabla ya kufunga duka, fanya mambo matatu. Andika `ss -tuln` uhesabu milango inayoanza na `0.0.0.0` ama `[::]`. Washa fayawoli kwa hatua za 3 hadi 5. Halafu fungua folda ya taarifa zako na ufute zile ambazo huzihitaji tena kwa hesabu wala kodi. Data ambayo haiko haiwezi kuibiwa, na hakuna soja anayeshinda hilo.

Tukirudi kwa ile simu ya saa mbili usiku: siku ukiipokea wewe, kumbuka kwamba kujua ulilipa ngapi si ushahidi kwamba anayepiga ni wa kampuni. Ni ushahidi tu kwamba kuna mahali rekodi ilionekana. Sisi hatutakupigia simu kuomba PIN yako, hata kama tunataka kukurudishia pesa. Kata simu, kisha utupigie wewe mwenyewe kwa nambari yetu ya huduma kwa wateja.